Kufuatilia maisha ya mchezaji kriketi wa chuo kikuu wa enzi ya Victoria: mwongozo kamili, kwa mfano wa George Brown Studd

Katika makumbusho ya uwanja wa kriketi wa Lord's, London, kuna chombo kidogo cha udongo chenye kimo cha sentimita 11 hivi. Hicho ndicho chombo cha Ashes, shindano la kriketi, ambacho Uingereza na Australia wamekuwa wakikigombea kwa maneno na kwa mipira tangu mwaka 1882. Ubavuni pake pamebandikwa kipande cha karatasi chenye ubeti uliotoka kwenye gazeti la Melbourne Punch mwaka 1883, unaotaja wachezaji wa Uingereza waliokuwa ziarani. Jina Studd limo, tena limeandikwa kwa wingi, kwa sababu walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja.

Mmoja ni Charles Thomas Studd. Waumini wa kaskazini mashariki mwa Kongo wanamjua, kwani alikwenda huko kama mmisionari na huko akazikwa. Wa pili ni George Brown Studd, ambaye alikuwa nahodha wa Cambridge mwaka 1882, akaipiga Oxford mikimbio 120 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi), na akacheza mechi 4 za Test, yaani mechi rasmi za kimataifa, nchini Australia. Kisha akaishi zaidi ya miaka 50 Los Angeles akihubiri katikati ya jiji, hadi alipofariki mwaka 1945. Mtafute mtandaoni, na mara nyingi utaambiwa jambo moja tu: ni ndugu yake Charles. Mimi naona hiyo ni dhuluma, na dhuluma ya aina hii imewapata wachezaji wengi wa vyuo vikuu wa enzi ile. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kumtoa mtu wa namna hiyo kwenye kivuli, hatua kwa hatua, ukiwa Mwanza, Kisumu au Bujumbura, na simu yako na bando la intaneti.

Hatua ya 1: Anza na kadi ya mchezo, na ujue kuisoma

Kwa wachezaji hawa, mlango wa kuingilia ni kadi za matokeo. Mechi ya Oxford na Cambridge ilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1827 hapo Lord's, na kuanzia 1838 ikawa ya kila mwaka. Kadi zake zinapatikana mtandaoni: baadhi zipo bure ESPNcricinfo, na CricketArchive inataka malipo lakini ina mechi ndogondogo nyingi zaidi, zikiwemo za shule. Kitabu cha mwaka cha kriketi kiitwacho Wisden kilianza kutoka mwaka 1864, na gazeti la Cricket: A Weekly Record of the Game, lililoanzishwa na Charles Alcock mwaka 1882, lilikuwa likichapisha habari fupi za wachezaji wa kawaida kabisa ambao Wisden haikuwapa nafasi.

Kwenye kadi, herufi c mbele ya jina ina maana mpigaji alidakwa na huyo aliyetajwa, b inakutajia mrushaji aliyemtoa, na st ni mlinda wiketi kubomoa vigingi mpigaji akiwa nje ya mstari wake. Ova, yaani fungu la mipira anayorusha mrushaji mmoja kwa mfululizo, wakati huo ilikuwa na mipira minne. Mwaka 1889 ikawa mitano, na mwaka 1900 ndipo ikafika sita tunayoijua. Basi ukiona mrushaji wa 1882 ana ova 40, hiyo ni mipira 160, si 240. Ukilinganisha bila kujua hilo utamsifu mtu kupita kiasi.

Angalia pia namna majina yalivyoandikwa. Mchezaji wa ridhaa, yaani muungwana asiyelipwa, aliandikwa na herufi zake za mwanzo mbele ya jina la ukoo, au akapewa cheo cha Bwana. Mchezaji wa kulipwa mara nyingi aliandikwa jina la ukoo peke yake. Alama hiyo ndogo inakuambia tabaka la mtu kabla hujafungua karatasi nyingine yoyote.

Jambo jingine: si kila aliyeichezea Cambridge au Oxford aliitwa Blue. Heshima hiyo aliipata yule tu aliyecheza dhidi ya chuo kile kingine. Wapo waliocheza msimu mzima wa Mei na Juni, kisha wakaachwa siku ya Lord's. Hao ndio wasiojulikana kabisa, na kama unatafuta mtu wa kumwandikia ambaye hajaguswa na mwandishi yeyote, chukua kutoka kundi hilo.

Hatua ya 2: Tenganisha herufi za majina kabla hujaandika neno

Hapa ndipo wasifu mwingi unapoharibika, hivyo usiharakishe.

Mwaka 1882 timu ya Cambridge ilikuwa na akina Studd watatu kwa pamoja: J. E. K., G. B. na C. T. Watatu hao wakawa manahodha wa Cambridge kwa kufuatana: George 1882, Charles 1883, John Edward Kynaston 1884. Ukitazama mfuatano huo utadhani John ndiye mdogo. Sivyo: yeye ndiye mkubwa, alizaliwa 1858, ila alichelewa kuingia chuoni. George alizaliwa 1859 na Charles 1860. Tena walikuwepo ndugu wengine waliocheza kriketi baadaye, na mmoja wao, Reginald, naye aliichezea Cambridge katika miaka ya 1890. Arthur, ambaye pia ni ndugu yao, alikuja kuwa mchoraji.

Magazeti ya wakati huo hayakujali sana. Unaweza kukuta imeandikwa "Bwana Studd alicheza vizuri" bila herufi yoyote. Usibahatishe. Nenda kwenye kadi ya siku hiyo, tazama nani alipiga mikimbio mingapi, kisha rudi kwenye habari uone inamhusu yupi. Jitengenezee jedwali la safu tatu: tarehe, herufi kama zilivyoandikwa kwenye chanzo, na uthibitisho wako. Habari isiyothibitishwa iache kwenye jedwali, isiingie kwenye wasifu.

Mfano wa kwa nini hili ni muhimu: mnamo 29 Agosti 1882, katika uwanja wa The Oval, Uingereza ilifungwa na Australia kwa mikimbio 7, na Studd mmoja alikuwa amesimama upande wa pili wa kiwanja bila kupata hata mpira mmoja wa kupiga wakati wiketi ya mwisho inaanguka, yaani mpigaji mwenzake wa mwisho anatolewa. Huyo ni Charles. George hakuwemo kwenye timu hiyo. Lakini miezi mitatu kabla, Cambridge ilikuwa imewafunga Waaustralia haohao kwa wiketi 6, yaani ikiwa bado na wiketi sita mkononi, na nahodha wa Cambridge msimu huo alikuwa George. Kwamba timu ya vijana wa chuo chini yake iliwashinda watu ambao Uingereza nzima ilishindwa nao, hilo ni la George, na linapaswa kuandikwa kwa jina lake. Ndiyo, aliyepiga mikimbio 118 siku hiyo ni Charles tena. Mwandike Charles kwa mikimbio yake, na George kwa unahodha wake.

Hatua ya 3: Kuzaliwa na ukoo

Uandikishaji wa vizazi na vifo wa serikali, kwa Uingereza na Wales, ulianza 1 Julai 1837. Faharasa zake zimepangwa kwa robo mwaka, na tovuti ya FreeBMD inakuruhusu kutafuta bure. Wazazi walikuwa na siku 42 za kuandikisha mtoto, kwa hiyo aliyezaliwa mwishoni mwa Desemba anaweza kuonekana kwenye robo ya kwanza ya mwaka unaofuata. George, wa 20 Oktoba 1859, utamtafuta kwenye robo ya mwisho ya mwaka huo. Alizaliwa Netheravon, Wiltshire.

Sensa zilifanyika kila baada ya miaka 10. Zitazame kupitia FamilySearch, ambayo akaunti yake ni bure. Usishangae ukimkosa mwanafunzi chuoni kwenye sensa ya Aprili 1881, kwani wakati huo vijana walikuwa likizoni. Mtafute nyumbani kwa wazazi, kwa rafiki, au hotelini.

Baba ndiye ufunguo wa fedha. Edward Studd alitajirika kwa mashamba ya nili huko India, akarudi Uingereza akanunua maisha ya kibwanyenye: jumba la Tedworth, mbwa wa kuwindia, na farasi wa mashindano. Farasi wake Salamander alishinda Grand National mwaka 1866. Sasa unaelewa kwa nini vijana wake waliweza kucheza kriketi kuanzia asubuhi hadi jioni, mwezi baada ya mwezi, bila mshahara. Kriketi ya chuo kikuu ya enzi ile ilisimama juu ya fedha za namna hiyo, na nyingi zilitoka makoloni. Liandike wazi, usilipambe.

Hatua ya 4: Shule na chuo

Shule kubwa kama Eton, Harrow, Winchester na Rugby zilichapisha rejista za wanafunzi wake, na nyingi zimechanganuliwa na kuwekwa kwenye Internet Archive. George alisoma Eton. Kwa waliosoma Cambridge kuna Alumni Cantabrigienses ya John Venn na mwanawe, ambayo iko mtandaoni bure kama hifadhidata. Kwa Oxford kuna Alumni Oxonienses ya Joseph Foster.

Maandishi ya Venn yamebanwa sana. Adm. ni siku ya kupokelewa na koleji, Matric. ni kuandikishwa rasmi na chuo kikuu, Michs. ni muhula wa vuli, na baada ya hapo hufuata shahada, kazi, na mara nyingi tarehe ya kifo. Mistari mitano ya Venn inaweza kukuokolea wiki nzima. Hata hivyo, itumie kama ramani tu na uhakikishe kila tarehe kwingine, maana ilikusanywa kwa maelfu ya watu na makosa yamo.

Hatua ya 5: Magazeti, na ziara ya Australia

Magazeti ya Uingereza mengi yako kwenye British Newspaper Archive, ambayo ni ya kulipia. Lakini ukiwa na bahati ya mchezaji aliyewahi kwenda Australia, umefunguliwa hazina: tovuti ya Trove, ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ni bure kabisa.

George alikwenda na timu ya Uingereza ya nahodha Ivo Bligh, msimu wa 1882 hadi 1883. Waliondoka Uingereza na meli ya Peshawur, na baada ya kutoka Colombo meli hiyo ikagongana na nyingine iitwayo Glenroy, ambapo mrushaji Fred Morley aliumia mbavu. Walipofika, magazeti ya Adelaide, Melbourne na Sydney yaliandika kila kitu: walikula wapi, nani alihutubia, nani alidaka nini.

Kwenye Trove, weka kikomo cha tarehe kuanzia Novemba 1882 hadi Machi 1883, kisha tafuta kwa sura zote ambazo jina linaweza kuja nazo. Kompyuta iliyosoma karatasi hizo kuukuu huchanganya u na n, na d inaweza kuwa c na l zilizoshikana. Kwa hiyo usitafute Studd peke yake. Tafuta pia Stndd na Studcl. Tafuta na maneno mengine ya siku hiyo, mfano majina ya wenzake Bligh na Barlow na Tylecote, bila Studd kabisa, kisha uangalie picha ya ukurasa kwa macho yako. Ukikuta kosa, Trove inakuruhusu kulisahihisha, na atakayekuja baada yako atalipata jina kwa urahisi.

Na hapa uwe mkweli na takwimu. Katika mechi zake 4 za Test, George alipata mikimbio 31 tu kwa zamu 7, na zamu yake bora ilikuwa 9. Alidaka mipira 8. Mwandishi anayempenda mhusika wake hushawishika kupitisha namba hizo haraka. Mimi ningesimama hapo hapo. Kijana wa miaka 23, nahodha wa Cambridge, mpigaji wa 120 mbele ya umati wa Lord's, anafika upande wa pili wa dunia na kupigana na mpira unaomkataa mechi baada ya mechi, huku mdogo wake akiwa kwenye timu hiyohiyo akisifiwa. Huhitaji kubuni alichohisi. Panga namba na tarehe kwa mfuatano wake, na msomaji ataiona hali.

Hatua ya 6: Baada ya kriketi, ambapo wengi huacha

George aliichezea timu ya kaunti ya Middlesex kuanzia 1879 hadi 1886. Baada ya hapo kadi za mchezo hazimtaji tena, na wasifu mwingi wa wanakriketi hufunga duka papo hapo kwa sentensi moja: "alikuja kuwa mmisionari." Ila maisha yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

Jiulize mtu wa tabaka lake angeweza kwenda wapi. Kama aliingia upadri wa Kanisa la Uingereza, fungua Crockford's, orodha ya makasisi iliyoanza 1858, ambayo itakupa kila parokia na mwaka wake. Kama ni mwanasheria, kuna rejista za Inner Temple na nyumba nyingine za mawakili. Kama ni afisa wa jeshi au wa serikali, The London Gazette iko mtandaoni bure, na vyeo vingi vimechapishwa humo. Wengi wa wenzake wataonekana katika mojawapo ya hizo tatu.

George hayumo katika njia hizo. Mwishoni mwa 1883 aliugua vibaya sana, na ugonjwa wake unasimuliwa katika kila kitabu kumhusu Charles, kwa sababu Charles alipokuwa kando ya kitanda cha kaka yake ndipo aliporudia imani kwa nguvu. Mwaka 1885 Charles akaenda China na wenzake sita wa kundi lililoitwa Cambridge Seven. Ona jinsi George anavyotumika hapo: anaugua ili mwingine abadilike, kisha anatoweka kwenye simulizi. Unapokutana na hali hii, geuza kiti. Chukua tukio lilelile ulisimulie kutoka upande wa mgonjwa: alipona, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 tunamkuta Los Angeles.

Huko vyanzo vinabadilika. Sensa ya Marekani ya mwaka 1900 ni nzuri mno, kwa kuwa iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa pamoja na mwaka wa kuingia nchini. Ile ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliteketea kwa moto. Magazeti ya California, likiwemo Los Angeles Herald, yako bure kwenye California Digital Newspaper Collection. Humo utaona Peniel Mission, huduma iliyohubiria watu wa mitaani katikati ya Los Angeles, ambayo George aliitolea fedha na nguvu zake.

Halafu mwaka 1906 ukaja uamsho wa Azusa Street, ukiongozwa na William Joseph Seymour, mhubiri mweusi, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Makanisa mengi ya Kipentekoste ya Afrika Mashariki yanahesabu mizizi yake katika uamsho huo. George, mtoto wa Eton na wa koleji ya Trinity ya Cambridge, aliingia humo. Shajara yake ya 1908 hutumiwa na wanahistoria wa Azusa, na jina lake limo kwenye gazeti la The Upper Room alilolihariri pamoja na Elmer Fisher. Mwaka 1913 alikuwa mmoja wa waandaaji wa mkutano mkubwa wa hema huko Arroyo Seco. Wanahistoria wa kriketi mara chache husoma magazeti ya Kipentekoste, na wanahistoria wa Upentekoste hawana habari na zamu ya 120. Wewe unayesoma yote mawili utaona mtu mzima ambaye wao wanamwona nusunusu.

Hatua ya 7: Fuata ndugu, lakini urudi

Barua na habari za mtu mara nyingi zimehifadhiwa kwenye makaratasi ya nduguze. John alikuja kuwa Meya Mkuu wa London na rais wa klabu ya kriketi ya MCC, hivyo kumbukumbu zake ni nyingi. Charles, mwaka uleule wa 1913, alishuka Mombasa pamoja na kijana Alfred Buxton, wakapita Uganda na Ziwa Albert hadi kaskazini mashariki mwa Kongo. Alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha Kongo, na alifariki Ibambi mwezi Julai 1931. Kwa msomaji wa Kiswahili huo ni utafiti mtamu, na kwa sababu ni mtamu unaweza kukuteka usirudi. Jiwekee mpaka: kwa kila ndugu, chukua lile tu linalomgusa mhusika wako.

Hatua ya 8: Kifo, wosia na tanzia

Tanzia ya mchezaji hutafutwa kwenye Wisden ya mwaka unaofuata kifo. George alifariki 13 Februari 1945, Pasadena, California. Kwa waliofia Uingereza baada ya 1858 kuna kalenda ya taifa ya wosia, inayotaja anwani, siku na mahali pa kifo, wasimamizi wa mirathi na thamani ya mali. Thamani hiyo iandike kwa pauni za wakati huo, usiibadilishe kuwa shilingi za leo.

Kama kuna pengo bado, andikia barua pepe mtunza kumbukumbu wa shule au koleji. Taja jina kamili, miaka, na maswali mawili tu yaliyo mahususi. "Nipeni mliyonayo yote" haijibiwi kama inavyojibiwa "Je, mna picha ya timu ya kriketi ya 1882 yenye majina?"

Hatua ya 9: Kuandika

Gawa kurasa kwa kadiri ya miaka aliyoishi, si kwa kadiri ya wingi wa vyanzo. Kriketi ya George ilichukua kama miaka 10, na Los Angeles zaidi ya 50. Basi kriketi isizidi theluthi moja ya wasifu. Ukiuweka kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kila aya iwe na chanzo chake, na maneno ya mchezo yafafanuliwe mara ya kwanza yanapotokea.

Sentensi ya kwanza ndiyo ngumu zaidi, maana ndiyo itakayonakiliwa kila mahali. Ya kwake ningeiandika hivi: "George Brown Studd (20 Oktoba 1859 – 13 Februari 1945) alikuwa mhubiri wa Los Angeles na mmoja wa washiriki wa mwanzo wa uamsho wa Azusa Street, ambaye katika ujana wake alikuwa nahodha wa kriketi wa Chuo Kikuu cha Cambridge na mchezaji wa Uingereza." Ndugu yake aje kwenye aya ya pili.